Mfichuzi wa ufisadi Garissa: jina hufichika, alijualo halifichiki

Mwaka 2011 Benki ya Dunia ilitoa hadharani ukaguzi wa mradi ambao wengi wa Tana River, Garissa na Wajir waliujua kwa jina fupi la Arid Lands. Awamu ya pili ya mradi huo ilianza 2003 ikafungwa mwisho wa 2010. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia watu wa maeneo kame wakati wa ukame na kuvipa vijiji fedha za miradi midogo midogo. Wakaguzi walichukua miaka miwili ya fedha wakapitia maelfu ya miamala, vocha kwa vocha. Zaidi ya nusu ya waliyoyapitia yalikuwa ama na dalili za udanganyifu au hayana stakabadhi za kuaminika. Kulikuwa na warsha hewa, risiti za mafuta za kughushi, marupurupu ya safari ambazo hazikufanyika.

Hebu tuichukue warsha moja tu. Ili fedha zake zitoke, lazima iwepo barua ya maombi, orodha ya waliohudhuria yenye sahihi, risiti ya hoteli, kitabu cha safari za gari, na vocha iliyopita mezani kwa mhasibu. Kwa hivyo dereva anajua kuwa gari halikutoka. Karani anajua kuwa sahihi arubaini zimeandikwa kwa kalamu moja. Mwenye hoteli anajua hakupika pilau ya watu arubaini siku ile. Jean Ensminger, mwanaanthropolojia wa Kimarekani aliyefanya utafiti miongoni mwa Waorma wa Tana River tangu mwisho wa miaka ya 1970, ameuandikia mradi huu kwa kirefu, na anayesoma maandishi yake ataona kuwa habari zilikuwepo, zikizungumzwa chini ya miti na ndani ya magari. Zilichokosa ni pahali pa kupelekwa ambapo mwenye kuzipeleka angebaki salama.

Hilo ndilo la kuzungumza leo. Na tusilione kuwa ni la watu wa Garissa pekee. Katika orodha ya kwanza ya kaunti 14 zilizotambuliwa kuwa zimeachwa nyuma, ili zipate fedha za Hazina ya Usawazishaji, Garissa, Wajir na Mandera zimo pamoja na Tana River, Lamu, Kilifi, Kwale na Taita Taveta. Njia ya fedha ni ileile, na wauguzi, walimu na wahasibu wetu wa Pwani wanafanya kazi Garissa kama wa kule wanavyofanya kazi kwetu.

Kwanza neno lenyewe. Vyombo vya habari vya Kenya husema mfichuzi, au mpiga filimbi. Watanzania, katika sheria yao ya 2015, wamechagua mtoa taarifa. Mtaani majina ni mengine: mchongezi, mdaku, msaliti. Na kwa Waislamu kuna uzito zaidi, kwani tumelelewa tukiambiwa kumsengenya mtu ni kama kula nyama ya nduguye. Nimesikia watu wazima, wenye elimu, wakisema kumpeleka mkubwa wako kwa tume ni ghiba. Basi na wakafungue Riyadh as-Salihin. Imam Nawawi ametaja humo hali sita ambazo kumtaja mtu kwa ubaya wake kunaruhusiwa, na ya mwanzo ni aliyedhulumiwa kumshtakia mwenye mamlaka ya kumwondolea dhulma. Inayofuata ni kutafuta msaada wa kuzuia munkari. Sura ya An-Nisaa, aya ya 135, inatutaka tusimamie uadilifu hata ikiwa ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Na Al-Hujurat, aya ya 6, inatufunga breki upande wa pili: habari ihakikishwe kwanza, watu wasije wakadhurika kwa uvumi.

Cha ajabu, sheria ya Kenya inafuata mizani hiyohiyo. Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003, kifungu cha 65, inasema mtu aliyeisaidia tume au aliyeipa habari hatashtakiwa wala kuchukuliwa hatua za kinidhamu kazini kwa ajili hiyo. Shahidi mahakamani halazimishwi kumtaja aliyetoa habari, na mahakama inatakiwa kuhakikisha yanayomtambulisha yameondolewa au kufichwa katika hati. Lakini ulinzi huo haumfikii aliyesema jambo ambalo mwenyewe hakuliamini kuwa kweli. Tena mahakama inaweza kuulegeza ikiona haki haitatimia bila ya kufanya hivyo. Sehemu hiyo ya mwisho wengi hawaisomi.

Kisha ikaja Sheria ya Hongo ya 2016. Hii imeongeza mambo mawili makubwa. Kifungu cha 14 kinamtaka kila afisa wa serikali, na yeyote mwenye mamlaka katika taasisi ya umma au ya binafsi, aripoti kwa tume ndani ya saa 24 akijua au kushuku kuwa pametolewa hongo. Kifungu cha 21 kinafanya kuwa kosa kumshusha cheo mfichuzi, kumkaripia, kumfuta kazi, kumhamishia pahali pabaya au kumtisha. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Pia ipo Sheria ya Kuwalinda Mashahidi ya 2006, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 nayo ina kifungu kinachomkinga anayefichua jambo kwa maslahi ya umma.

Kwa hivyo anayesema Kenya haina sheria yoyote amekosea. Kisichokuwepo ni sheria moja kamili ya wafichuzi, yenye afisi inayowajibika nao tangu siku wanapopiga simu mpaka kesi iishe na baada yake. Rasimu zimeandikwa na kuandikwa upya kwa zaidi ya miaka kumi. Uganda ilipitisha yake 2010, na ndani yake mfichuzi ana haki ya asilimia 5 ya fedha zitakazookolewa. Tanzania ilipitisha 2015. Sisi ndio tuliokuwa wa kwanza duniani kuuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Ufisadi, siku ileile ulipofunguliwa kutiwa sahihi huko Mérida, Mexico, tarehe 9 Desemba 2003. Kifungu cha 33 cha mkataba huo kinazungumzia kuwalinda wanaoripoti. Wa kwanza kutia sahihi, wa mwisho kutekeleza, tumezoea.

Munyakei, mkimbizi wa Mombasa

Anayetaka kujua maana ya kukosa ulinzi amsome David Munyakei. Alikuwa karani kijana wa Benki Kuu ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwenye meza zilipopita karatasi za fidia ya wauzaji bidhaa nje. Aliona malipo makubwa yakienda kwa kampuni ya Goldenberg kwa dhahabu na almasi ambazo hazikueleweka zatoka wapi. Akapitisha nakala kwa wabunge wa upinzani, na 1993 kashfa ikalipuka bungeni. Yeye akakamatwa, akashtakiwa kwa sheria ya siri za serikali. Kesi haikusimama, lakini kazi ilikuwa imekwenda.

Alikimbilia kwetu. Alikuja Mombasa, akasilimu, akaoa, akaishi kama mtu wa kawaida kwa miaka. Baadaye tume ya Jaji Bosire ilipokuwa ikichunguza Goldenberg alitoa ushahidi wake, na 2004 shirika la Transparency International likamtunuku tuzo ya uadilifu. Kazi hakurudishiwa. Alifariki Julai 2006 huko Narok akiwa maskini, hajafika miaka arubaini.

Mwenzake aliyefuata, John Githongo, alikuwa katibu wa kudumu aliyekaa karibu na rais. Alipoona mambo ya Anglo Leasing yamemzidi alijiuzulu Februari 2005 akiwa London. Aliweza kukaa nje, akaandika, akasikizwa na dunia. Tofauti ya wawili hawa ninaiweka hapa makusudi. Mfumo wa ulinzi haupimwi kwa kina Githongo. Hupimwa kwa karani, kwa dereva, kwa muuguzi wa zamu ya usiku.

Mji mdogo, afisi ndogo

Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, ina afisi ya eneo mjini Garissa. Ina nambari ya bure, 1551. Ina pia njia ya mtandaoni ya kuripoti bila jina: unafungua sanduku lako kwa jina la kubuni na neno la siri, unaacha ripoti, kisha unarudi baadaye kusoma maswali ya wachunguzi na kuyajibu, nao wasijue wewe ni nani. Kwa Nairobi, penye wizara za maelfu ya wafanyakazi, mpango huu unafanya kazi vizuri kiasi chake.

Garissa ni hadithi nyingine. Tuseme idara ya kaunti ina watu sita. Vocha iliyozua mashaka imeshikwa na watatu. Mmoja ni mkubwa mwenyewe, wa pili ni mshirika wake. Ripoti ikifika kwa tume ikiwa na nambari ya vocha, wachunguzi wakija na kuiomba vocha ileile kwa nambari yake, kuna haja gani ya kuuliza nani kasema? Jina halikuandikwa popote, lakini mtu amejulikana. Kinachomtoa mtu hadharani katika miji midogo ni kile anachokijua, na hakuna neno la siri linaloweza kukificha.

Dawa yake iko mikononi mwa wachunguzi, wala haihitaji bunge. Wasiombe vocha moja, waombe za robo mwaka mzima. Wasianzie idara ileile, waingie kwa mgongo wa ukaguzi wa kawaida. Wapitishe muda kati ya ripoti na ziara. Na wanaoiona ripoti ya asili wawe wachache wanaojulikana, kila anayeifungua iandikwe lini na kwa nini. Huu ni utaratibu wa kazi tu, na ndio unaookoa watu.

Jambo la pili ni ukoo. Kaskazini Mashariki watu hujuana kwa nasaba, na mkubwa wa idara si mkubwa tu, ni mtu wa fulani bin fulani. Ukimripoti, kwa macho ya wengi umeuripoti ukoo wake, na watakaokujia hawatakuja na rungu. Watakuja wazee, kwa adabu, wakinywa chai ya maziwa ya ngamia nyumbani kwa baba yako, wakiomba yamalizwe kwa maslaha. Kwa wasiojua, maslaha ni suluhu ya kimila na ya kidini inayoendeshwa na wazee na masheikh. Ninaiheshimu. Imezima damu baina ya koo pahali ambapo polisi hawangeweza kufika. Lakini suluhu huhitaji mwenye haki akubali kusamehe. Dawa zilizopotea katika hospitali ya rufaa ni za nani, hata mzee mmoja azisamehe? Mali ya umma haina mrithi mmoja. Wanavyuoni wa Garissa wakilisema hili mimbarini, watamsaidia mfichuzi kuliko mabango ya tume.

Tatu ni uhamisho. Mfanyakazi wa mjini anaweza kuamka na barua ya kumpeleka Liboi au Hulugho, karibu na mpaka wa Somalia, kwa sababu iliyoandikwa kuwa ni mahitaji ya huduma. Nani atathibitisha kuwa ni kisasi? Kifungu cha 21 kinakataza, lakini mzigo wa kuthibitisha unabaki kwa mnyonge. Hapa ndipo mswada unapotakiwa kuwa na meno: mtu akiripoti, na ndani ya muda fulani baadaye akahamishwa au kufutwa kazi, mwajiri ndiye athibitishe kuwa hakulipiza. Na barua isimamishwe mpaka jambo liamuliwe, maana kumrudisha mtu kazini baada ya miaka mitatu ya kesi si ulinzi.

Wapo watakaosema, si kuna Shirika la Kuwalinda Mashahidi? Lipo, na linaweza hata kumhamisha mtu na kumpa utambulisho mpya. Lakini liliundwa kwa shahidi mwenye tishio la maisha. Mhasibu anayenyimwa mshahara hayumo humo. Na mfugaji mwenye wake, watoto, mama mzee na ngamia, utamficha mji gani? Tena mfichuzi na shahidi ni watu wawili tofauti, japo mara nyingi ni mwili mmoja. EACC inachunguza, lakini anayeshtaki ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Faili linatoka mikono hii kwenda mingine hadi mahakamani, na huko Katiba, kifungu cha 50, inampa mshtakiwa haki ya kuuona mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yake. Haki hiyo ni nzuri. Hata mimi nikishtakiwa nitaitaka. Maana yake ni kuwa tume inatakiwa imwambie mfichuzi mapema, kwa lugha anayoielewa, kuwa habari zake zinaweza kubaki siri, lakini akikubali kuwa shahidi jina lake linaweza kutoka. Achague akiwa anajua. Na tume itafute ushahidi wa karatasi na wa benki, ili isimhitaji kizimbani.

Lugha nayo si jambo dogo. Mama wa Wajir anayezungumza Kisomali pekee ataiambia nini simu ya Nairobi? Nambari ya bure haimfai mtu ambaye mnara wa simu wa kijijini kwake umelipuliwa na al-Shabaab ukakaa miezi bila kutengenezwa, na haya yametokea Mandera, Garissa, hata Lamu kwetu. Afisi iliyo mjini Garissa nayo iko mbali sana na mtu wa Mandera. Tena katika mji ambao ukionekana mlangoni pa tume asubuhi, habari imefika Bulla Iftin kabla ya adhuhuri, afisi moja yenye kibao kikubwa haitoshi. Transparency International Kenya iliwahi kujaribu mpango wa Uwajibikaji Pamoja katika Turkana, West Pokot na Wajir, ambapo lalamiko moja lilipokewa kwa ujumbe wa simu, mtandaoni au ana kwa ana, kisha likaelekezwa kwa taasisi husika. Fikra ile ni nzuri, kwani mwananchi halazimiki kujua nani anahusika na nini kabla ya kufungua mdomo.

Aliyelipa tayari

Kuna kundi jingine lisilotajwa: waliotoa hongo wenyewe. Kwa miaka mingi kijana wa Garissa alipotaka kitambulisho ilibidi apite mbele ya kamati ya kuhakikiwa, kitu ambacho kijana wa Nyeri hakukijua. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitangaza kuuondoa utaratibu huo kwa kaunti za mpakani. Lakini penye mlango mwembamba kama ule, kitu kidogo hukaa karibu. Aliyelipa anaogopa kuripoti, kwa kuwa kutoa hongo ni kosa kama kupokea, na kusema ni kama kujishtaki.

Basi lijulikane hili: wakati mzuri wa kuripoti ni hongo inapoombwa, kabla haijatolewa. Hapo umebaki msafi, na tume inaweza kuweka mtego kwa noti zilizotiwa dawa, anayezipokea ashikwe nazo mkononi. Kwa aliyekwisha kulipa, apate ushauri wa kisheria kwanza. Transparency International ina vituo vya ushauri wa bure vya kupambana na ufisadi, na kimojawapo kimekuwa Mombasa.

Ukiamua kusema

Andika mambo unayoyajua kwa macho yako mbali na uliyoyasikia. Tarehe, pahali, kiasi, nambari ya vocha au ya zabuni, jina la kampuni, nani alitia sahihi. Ripoti inayosema "kaunti imeoza" haina pa kuanzia. Inayosema kuwa kisima fulani kimelipiwa mara mbili, mwezi huu na ule, ina miguu. Usichukue hati ya asili kutoka afisini, kwani utajipa kesi ya wizi na wao watapata la kusema. Usitumie kompyuta ya kazini, wala simu uliyopewa na mwajiri, wala intaneti ya afisi. Usipitishe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kisha ukalalamika siri imetoka.

Kabla ya kutuma, jiulize ni wangapi wanaolijua hili. Ikiwa ni wewe na wengine wawili, punguza maelezo ambayo ni wewe tu ungeweza kuyajua, na uwaeleze wachunguzi hivyo wazi, ili wajue namna ya kuingia. Ukitumia sanduku la mtandaoni, neno la siri ulihifadhi kichwani, na urudi kila baada ya siku chache. Mchunguzi akiuliza swali asijibiwe, faili hufa, na mwenye faili hubaki akisema tume haifanyi kazi.

Si kila dhulma ni ya EACC. Uzembe na kucheleweshwa kwa huduma ni wa Tume ya Haki ya Utawala, maarufu kama Ombudsman. Makosa ya polisi yana mamlaka yake, IPOA. Na ukianza kuona vitisho baada ya kuripoti, viandike siku hiyohiyo: nani, saa ngapi, alisema nini, mbele ya nani. Barua ya uhamisho itunze pamoja na tarehe uliyoripoti. Kifungu cha 21 kinahitaji karatasi hizo mbili zikae pamoja.

Walio Tana River, Lamu na Kilifi wasifunge safari ya Nairobi. EACC ina afisi Malindi na nyingine Mombasa, na 1551 inapokewa bila malipo kutoka kaunti yoyote.